Juu ya Mtende Hayumbi

Mosul, 9 Februari 1972

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Abul-Khasib, wewe na shangazi Badriya, na hiyo mitende unayoijua kwa majina kuliko unavyowajua wajukuu zako. Sisi hatujambo. Baridi haijaondoka. Mawe ya nyumba za huku yanaishika baridi kama mtu anavyoshika kinyongo, na mimi mtu wa kusini bado sijayazoea, ingawa ni miaka sasa tangu niolewe hapa.

Nimeandika kwa sababu moja. Mwezi ujao tunamtahiri Nizar. Baba yake, Sinani, anataka karamu, na mama mkwe wangu, Bi Naziha, amekwisha kuagiza ngano na kondoo. Baba, safari hii njoo. Unajua Sinani anafanya kazi reli, tiketi si tatizo, na atakutafutia kiti cha dirishani toka Basra mpaka Baghdad, kisha mpaka huku. Utalala tu.

Sitaki kukuficha. Bi Naziha huwa anasema mbele ya wageni: "Wakwe zetu wa Basra ni kama mwezi mwandamo. Kila mwaka tunaambiwa umeonekana, lakini sisi hatuuoni." Watu hucheka. Mimi humimina chai. Hajui hata sura yako, Baba. Wanadhani sina watu.

Na jambo jingine. Kiangazi kilichopita ulipotusindikiza stesheni, hukuingia mpaka kwenye treni. Ulibaki getini umeshika chuma, Nizar akakupungia mkono dirishani na wewe hukuinua wako. Alilia mpaka Nasiriya. Nilimwambia babu alikuwa na jua machoni. Sijui kama nilimwambia kweli.

Njoo.

Binti yako,
Rasmiya


Abul-Khasib, 24 Februari 1972

Binti yangu Rasmiya,

Waalaikumu salamu. Barua yako imenifikia, na Badriya ameisoma kabla yangu kama kawaida yake, akaniletea ikiwa na madoa ya vitunguu.

Mwanangu, mwezi ujao siwezi. Mitende majike imeanza kupasua makarara yake na wewe umekulia hapa, unajua maana yake. Usipompelekea jike ua la dume ndani ya siku zake, mwaka mzima unavuna vitu vidogo visivyo na kokwa ambavyo hata mbuzi anavitema. Bustani ya Hajji Shakir yote iko mikononi mwangu. Nikipanda treni sasa, nani atapanda mitende?

Mimi sijambo. Mgongo unanikumbusha umri wangu, lakini mzee gani mgongo wake umenyamaza? Napaka mafuta ya ufuta. Badriya ananigombeza kwamba navuta miguu na kumaliza viatu. Mwambie akuandikie mambo ya maana.

Jana nilikuwa juu ya ule mtende mrefu ulio karibu na mfereji. Maji yalikuwa yanajaa, mto wote unang'aa, na meli moja kubwa inateremka kwenda Fao. Nilikaa huko juu hata baada ya kumaliza kazi. Huko ni kuzuri.

Msalimie mama mkwe wako. Mwambie mwezi ukiwa mwembamba sana huonwa na wenye macho makali tu.

Nimempa mtu wa treni kikapu cha tende za sayir. Mpe Nizar kwanza, wengine baadaye.

Kuhusu stesheni, ni kweli palikuwa na jua.

Baba yako,
Mizhir


Abul-Khasib, 10 Machi 1972

Rasmiya mwanangu,

Mimi ni shangazi yako, na unajua siandiki barua ovyo. Kalamu yangu ni ya kunakili maombolezo ninayowasomea wanawake mwezi wa Muharram. Lakini hili nisipokuambia mimi utaambiwa na mtu asiyekupenda.

Baba yako anayumba.

Sisemi ameyumba mara moja kwa kuteleza. Anayumba njiani, mchana kweupe, kama mashua isiyo na mtu. Anatembea ameweka mkono ukutani, na ukuta ukiisha, husimama. Wiki iliyopita nilimwona anavuka mfereji kwenye lile gogo la mtende ambalo amelivuka tangu utoto akiwa na mzigo kichwani. Alishuka akavuka kwa mikono na magoti, mwanangu, na kanzu yake mdomoni. Alipofika ng'ambo akatazama kama kuna mtu. Mimi nikajificha nyuma ya ukuta. Sikutaka aone kwamba nimeona.

Watu wanasema ni araki. Wanasema mjane akikaa peke yake na tende nyingi, atazifanya nini? Nimenusa mitungi yote ya nyumba hii. Sikupata kitu, lakini mlevi ana akili ya kuficha kuliko mwizi.

Alhamisi yakatokea haya, nimeambiwa na mke wa mwenye mkahawa aliyekuwa nyuma ya pazia. Baba yako aliingia, akapepesuka, akaangukia meza, vikombe vikamwagika. Hajji Shakir alikuwepo. Akamwambia, "Mizhir, tangu lini miguu yako imeanza kugombana?"

Baba yako akasema, "Njia ina matope."

"Mvua ilikatika zamani."

Watu wakacheka. Hajji hakucheka. Akasema, "Baba Rasmiya, mimi na wewe ni watu wa zamani. Apa kwa Abbas kwamba hunywi, tuyamalize hapa hapa. Yeyote atakayesema neno tena atajibizana na mimi."

Unajua huku kwetu, mtu anaweza kuapa kwa Mungu sokoni akiuza samaki wa jana, lakini kwa Abbas, shahidi tunayemlilia Muharram, hakuna athubutuye kuapa uongo. Baba yako akavitazama vikombe vilivyomwagika. Kisha akasema, "Sili kiapo kwa porojo za mkahawani." Akatoka, mkono ukutani.

Basi, kwa watu hilo ndilo jibu. Hajji amesema mlevi hutubu, na amemwachia bustani msimu huu kwa ajili ya siku za zamani.

Mwandikie. Mimi hanisikii. Nikimwuliza, ananiambia nikaangalie wali usiungue.

Shangazi yako,
Badriya


Mosul, 28 Machi 1972

Baba,

Barua ya shangazi ilifika nikiwa shuleni nafundisha. Bi Naziha aliifungua, kwa makosa alivyosema. Niliporudi walikuwa wamekaa ukumbini na wifi zangu, na barua iko mezani chini ya sahani ya machungwa. Nilikula chungwa.

Karamu ilifanyika. Nizar alivumilia vizuri. Kiti chako kiliwekwa upande wa kulia wa Sinani, na kwa kuwa hakikuwa na mtu, wageni wakaweka makoti juu yake.

Nilikuwa nikiwaambia watu hukuja kwa sababu ya mitende. Sasa wote wanajua kilichokuzuia si mitende.

Sikuulizi kama ni kweli. Umeombwa kuapa ukakataa, na mimi ni mtu wa Abul-Khasib, najua maana yake. Ninachokuomba ni hiki: usije huku. Kama ulikuwa unafikiria kuja kiangazi, usifikirie. Mimi nikitembea mtaani hapa, nyuma yangu kuna jina lako, na jina hilo nalo linayumba.

Sina hasira. Nilidhani nitakuwa nayo. Nimekaa na kalamu hii muda mrefu nikiingoja.

Rasmiya


Abul-Khasib, 11 Aprili 1972

Binti yangu,

Nimepata barua yako. Nimeelewa.

Kazi ya kuchavusha imebaki kidogo, upande wa mashariki. Mwaka huu madume yametoa unga mwingi.

Nafurahi Nizar alivumilia.

Mizhir


Basra, 19 Mei 1972

Rasmiya,

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Baba yako yu hai, hilo ulijue kwanza.

Hakuanguka mtendeni. Kila mtu anauliza hivyo, hata daktari aliuliza. Alianguka uani kwetu, mahali palipo sawa kama sinia. Alikuwa anatawadha kwa sala ya adhuhuri, amesimama kando ya birika la maji. Akateka maji, akafumba macho kunawa uso, na hapo hapo akaenda chini kama mti uliokatwa. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi, nimeona kwa macho yangu. Hakujikwaa. Hakuteleza. Alifumba macho tu.

Amevunjika mkono wa kushoto kwenye kifundo na kupasuka kipaji cha uso. Nilimwinamia nikimfuta damu na, Mungu anisamehe, nikamnusa mdomo. Ulinuka mswaki.

Daktari ni kijana, mtu wa Amara, ana subira. Alimwambia asimame wima, miguu pamoja, kisha afumbe macho. Baba yako akakataa. Daktari akasema, "Mzee, nitakushika." Akafumba. Akaanza kulalia upande kama mlango uliong'oka bawaba, na daktari akamdaka. Halafu akamchoma nyayo kwa sindano, taratibu, sehemu moja baada ya nyingine, akimwuliza, "Hapa unasikia?" Baba yako akijibu, "Nasikia," wakati sindano haijamgusa, na sindano ikimgusa ananyamaza.

Wakampiga picha ya mgongo. Daktari akatuonyesha kwenye kioo chenye taa. Alinieleza hivi, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Pingili za uti wa mgongo zimechakaa, na vile vilaini vilivyo katikati yake vimelika mpaka mfupa unasaga mfupa. Ndiyo maana ana maumivu. Mfupa uliochakaa nao huota vijiti pembeni, vinaingia kwenye njia inamopita mishipa ya fahamu. Akaniuliza, "Mama, kwenu mnafukua mifereji?" Nikamwambia kila mwaka. Akasema, "Msipofukua?" Nikamwambia matope yanajaa kingo, maji yanapita kiduchu. "Basi ndivyo ulivyo mgongo wake. Miguu inatuma habari, hazifiki. Kichwa hakijui ardhi iko wapi mpaka macho yakiambie. Macho yakifumbwa, au giza likiingia, anaanguka. Na mtu mwenye maumivu hutembea amejikaza, mwili hauwahi kujirudisha. Wazee wengi wako hivi. Watu hudhani ni uzee, au uzembe."

Nikamwuliza, "Au ulevi?"

Akasema, "Mara nyingi."

Akamgeukia baba yako akamwuliza hali hii imeanza lini. Baba yako akatazama dirisha. Akasema, "Tangu mama yake Rasmiya alipokufa, au kabla kidogo."

Unaona, mwanangu. Nimeishi naye nyumba moja miaka yote hiyo.

Badriya


Mosul, 27 Mei 1972

Baba,

Nimepokea barua ya shangazi jana. Nimeisoma jikoni, kisha nimeisoma shuleni, watoto wakifanya jaribio la imla.

Nina swali moja na naomba usinijibu kwa mambo ya mitende. Hajji alikupa mlango wa kutokea. Kiapo kimoja, na kilikuwa kweli. Mimi nilikuandikia yale niliyoandika. Ungeweza kunijibu kwa mstari mmoja.

Kwa nini hukusema?

Rasmiya


Abul-Khasib, 8 Juni 1972

Binti yangu Rasmiya,

Uliovunjika ni mkono wa kushoto, kwa hiyo sina kisingizio cha kutoandika.

Umeniambia nisikujibu kwa mitende. Nitajaribu, lakini jibu lenyewe limo humo.

Nisikilize. Mlevi akipepesuka, watu humwambia, acha. Wanamcheka, wanamsema, lakini wanamngoja aache. Kazi yake wanamwekea. Mzee mgongo ukimwisha, hakuna anayemcheka. Wanamletea mto. Wanamwambia, kaa. Na akikaa wamekwisha kumsahau, wanampa salamu za huruma wakipita. Pale mkahawani Hajji aliponiambia niape, nilikuwa na Abbas ulimini. Ningeapa. Lakini neno linalofuata baada ya kiapo lilikuwa, "Basi kama si araki, ni nini?" Na kwa jina la Abbas nisingeweza kusema ni matope. Ningesema mgongo. Na jua la siku ile lisingetua bustani ikiwa bado mikononi mwangu.

Kwa hiyo nilinyamaza. Nilidhani nimefanya hesabu nzuri. Jina litaharibika, litatengenezwa baadaye. Mgongo hautengenezwi.

Tena kuna hili ambalo sijamwambia mtu, hata daktari. Ile kamba ya kupandia tunayoiita tabliya, unaikumbuka, ina kile kipande kipana kilichosukwa kinachokaa mgongoni. Ukishajifunga na kuegemea nyuma, unakuwa kama mtoto kwenye mbeleko. Uzito wote unabebwa na kamba, na miguu inakanyaga magamba ya mtende, hainibebi. Huko juu mgongo hauumi. Huko juu siyumbi. Kwa siku nzima pale ndipo mahali pekee ninapokuwa mtu mzima. Kibaya kwangu ni kushuka. Kila mara nikikaribia chini najua sasa naingia mahali penye hatari. Wenzangu wanaogopa mtende, mimi nilikuwa naogopa ua wa nyumba yangu.

Miguu yangu, nikueleze ilivyo. Ni kama nimevaa viatu vya mtu mwingine, vizito, na yeye bado yumo. Nakanyaga zulia, nakanyaga kokoto, yote mamoja. Stesheni siku ile kulikuwa na ile nafasi kati ya jukwaa na treni, na watu wanasukumana. Niliogopa kuachia chuma. Ningeinua mkono kumpungia Nizar ningeanguka mbele yake. Nilikudanganya kuhusu jua.

Na barua yako ya mwezi wa tatu. Unataka kujua niliihisi vipi. Sikuihisi, mwanangu. Niliisoma nikaiweka. Nikajua kwamba nimekanyaga kitu chenye ncha, kama ninavyojua siku hizi kwa kuona damu sakafuni. Nilikuwa nangoja uchungu uje, haukuja. Labda nao umebanwa njiani.

Daktari amenipa mkanda wa kiunoni na mazoezi ya kunyanyua visigino nikiwa nimeshika meza. Badriya anasimama kando kama askari. Amesema nisinawe uso nimesimama. Upasuaji unafanywa Baghdad, lakini hakuahidi kitu, na mimi sikuuliza zaidi.

Bado sijamwambia Hajji. Anadhani nilianguka kwa yale yale. Tende zimeanza kunenepa.

Baba yako,
Mizhir


Abul-Khasib, 6 Julai 1972

Kwa Sinani,

Tumefika salama, mimi na Nizar, na joto la huku limemshangaza mwanao mpaka anataka kuoga kila akila. Nilikuahidi nitaandika nikishamwona. Nimekwisha kumwona siku nyingi, ila nilikuwa sijui niandike nini.

Ameshuka mwili. Anatembea ametanua miguu kama mtu aliye juu ya ngalawa, macho chini, anazitazama nyayo zake kana kwamba ni za kuazima. Ukimwita kwa nyuma na akageuka haraka, anaanguka, kwa hiyo tumejifunza kwenda mbele yake kwanza ndipo tumwite. Usiku hukandamiza ngumi kiunoni. Halalamiki. Ukimwuliza kama inauma husema, "Ipo."

Jana asubuhi aliniambia, "Nipitishe mkahawani."

Nikamwambia, "Baba, kuna jua. Twende jioni."

"Jioni sioni ardhi. Twende sasa."

Shangazi Badriya akatoa fimbo ya marehemu babu. Aliitazama, akaichukua. Nikamshika kwapa la kulia tukaenda. Njia ile mimi nilikuwa naikimbia nikitumwa sukari. Jana ilikuwa ndefu. Watu walisimama milangoni. Mtu mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti, "Leo kaanza mapema." Baba akasikia. Nami nikasikia. Tukaendelea.

Hajji Shakir alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, na wazee wenzake wa siku zote. Baba akasimama mbele yao. Alikuwa anayumba, kidogo kidogo, hata akiwa amesimama na fimbo na mimi nimemshika.

Akasema, "Hajji, unaniona nilivyo?"

"Nakuona, Baba Rasmiya. Kaa."

"Nikishakaa sitasema. Uliniomba kiapo. Nimekuletea. Kwa Abbas, na mbele ya binti yangu, araki sijaionja toka nizaliwe. Ni mgongo. Umekwisha. Miguu haijui ardhi iko wapi."

Mwenye mkahawa alikuwa na birika mkononi, akabaki nalo. Hajji akainuka, mzee yule na uzito wake, akambusu Baba begani na kipajini, pale penye kovu. Akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Tumekusengenya, tumekula nyama yako."

"Nimekusamehe."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

Wakampisha Baba, akakaa. Chai ikaletwa, na mto, Sinani. Mtu aliingia ndani mbio akatoka na mto akauweka nyuma ya mgongo wake. Wale waliomcheka ndio waliomkorogea sukari. Na chai haijapoa, Hajji akasema kwa upole kabisa, mkono wake uko gotini kwa Baba, "Kwa hiyo mavuno nimpe mkwezi mwenzako, Lafta."

Baba akasema, "Mpe Lafta."

"Unamwonaje?"

"Anakaza kamba mno. Mwambie ailegeze, aiamini."

Basi ikaisha. Miaka yote ile juu ya mitende ya watu wale imeisha kwa namna hiyo, chai iko mkononi, kila mtu akiwa mwema. Nilimtazama Baba usoni nitafute kitu. Hakukuwa na kitu. Alikuwa anapuliza chai yake. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya duara lao kama mwanamke apasavyo kusimama pale, na nilijua kwamba huu ndio wakati wa kulia. Sikulia. Nilitazama nzi kwenye bakuli la sukari.

Lafta alikuja alasiri kuchukua tabliya. Ni mtu mzima, ana ndevu, lakini alishindwa kuomba, akawa anaulizia afya ya kila mtu. Baba akaniambia niitoe ukutani. Akamwita mpaka kwenye mtende ulio uani kwetu, akajifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, mimi nikimsaidia fundo, akaegemea nyuma. Miguu yake ilikuwa chini ardhini. Akamwambia Lafta, "Ona. Hapa ndipo pa kuegemea, si juu zaidi." Kisha akafumba macho. Shangazi akaanza kumkimbilia. Hakuyumba. Alikaa vile, amefumba macho, ametulia kama mtu aliyelala, na Lafta akatazama chini. Halafu Baba akafungua fundo akampa.

Jioni nilimwambia twende Mosul. Nilijiandaa kwa mabishano. Nilikuwa na maneno mengi. Alisema tu, "Mama mkwe wako atasema nini?"

"Atasema mengi."

"Atataka kuninusa."

"Mwache anuse."

Akacheka kidogo, akashika kiuno kwa sababu kucheka kunamwumiza. Nikamwambia, "Sikulazimishi, Baba. Kama unataka kubaki karibu na mitende yako, nitaelewa."

Akasema, "Hapa kila mtu atautazama mtende, kisha atanitazama mimi. Huko kwenu watamwona mzee mwenye fimbo. Hicho nakiweza." Baadaye sana, nilidhani amesinzia, akasema, "Ile barua yako. Imeanza kuuma juzi." Nikamwuliza, "Sana?" Akasema, "Ya kutosha."

Hakusema zaidi nami sikuuliza. Nilikwenda kumtandikia.

Sasa nisikilize, maana haya ndiyo niliyoyaandikia. Tunapanda treni Alhamisi ijayo, shangazi anabaki kufunga nyumba na atafuata baada ya mavuno. Tutafutie behewa lenye mlango karibu na viti. Nyumbani, ondoa yale mazulia madogo ya ukumbini yote, hata lile la mama yako alilotoka nalo Hija. Akikuuliza sababu, mwambie Rasmiya atamwambia. Kitanda kiwe chumba cha chini, na taa iwake usiku kucha kwenye njia ya msalani. Mtafutie kiti cha kukaa akitawadha. Usimshangae akikushika bila kukuuliza.

Njoo mwenyewe stesheni, usimtume mtu. Atashuka akiyumba na watu watatazama, na mama yako kama atakuja, naye atazame. Kuna ile nafasi kati ya treni na jukwaa. Mimi nitakuwa upande wa kulia. Wewe panda mpaka ndani, umshike kushoto, lakini usimvute mkono, bado haujaunga. Mshike kwapani, umkaze.

Mkeo,
Rasmiya